Mkono Uliotangulia

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba mkono wangu wa kulia umeniacha na kwenda kwenye maonyesho bila mimi.

Nieleze kwanza, maana bila hili ndoto yenyewe haina kichwa wala miguu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchoraji. Muhula huu Mwalimu Kokushubira anatufundisha kuchora papo kwa papo: karatasi sakafuni, rangi kwenye vifuniko vya ndoo, dakika kumi na tano, penseli marufuku, kupanga marufuku. Kanuni yake ni moja, na ameiandika juu kabisa ya ubao kwa herufi ambazo hakuna anayethubutu kuzifuta: MKONO UTANGULIE, KICHWA KIFUATE. Wenzangu waliruka na brashi zao wakatoa mambo ya ajabu, mengine ya aibu. Mimi nilitoa picha ninayoiita Mvua ya Asubuhi. Mwalimu alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma, kisha akasema itatundikwa ukumbini Jumamosi, na mimi nitasimama kando yake nichore nyingine mbele ya wageni.

Jumamosi ni leo. Na Mvua ya Asubuhi si ya papo kwa papo hata kidogo. Niliipanga chumbani kwa penseli, nikaikariri mstari kwa mstari, nikaenda darasani nikajifanya imenijia. Hakuna anayejua. Wiki nzima chakula hakipiti, na mtu akiniita kwa nyuma nashtuka.

Sasa ndoto.

Niko darasani peke yangu, nimepiga magoti mbele ya karatasi tupu. Saa ya ukutani inasema saa tatu na robo. Ukumbi unafunguliwa saa nne. Nachovya brashi. Mkono wangu unaiweka chini taratibu, unajifungua penye kifundo kama mtu anayevua saa, unashuka sakafuni. Hakuna damu. Unasimama kwa vidole vitano na kujinyoosha.

"Unakwenda wapi?" nauliza.

"Natangulia. Imeandikwa ubaoni."

"Ile ni namna ya kusema tu."

"Mimi sikusoma namna za kusema, nilisoma ubao," mkono unasema. "Wewe kazi yako ni kufuata."

Unatoka mlangoni. Nafuata. Sikujua kwamba mkono wangu una mbio kiasi kile. Darasani ukiambiwa uchore duara unachukua nusu saa. Korido la chuo nalijua vizuri, lina milango sita na ndoo moja ya kukinga maji, lakini asubuhi hii halina mlango hata mmoja. Nakata kona, na korido limekuwa zahanati.

Kuna mabenchi, na kwenye mabenchi wamekaa wagonjwa, na wagonjwa wote ni picha. Kila moja imeshika kikaratasi chenye namba. Nyuma ya meza ya mapokezi imekaa brashi kubwa ya kupakia chokaa, nywele zimekauka na kusimama kwa sababu kuna mtu hakuiosha.

"Samahani, kuna mkono umepita hapa?"

"Mikono inapita kila siku," brashi inasema bila kuinua uso. "Chukua namba."

"Nina haraka, maonyesho yanafunguliwa saa nne."

"Wote unaowaona hapa wana maonyesho saa nne. Keti."

Nakaa. Kulia kwangu kuna picha ya matunda kwenye sinia. Kushoto kuna mzee wa rangi ya mafuta ambaye sikio lake moja halijachorwa. Ananigeuzia lile lililopo.

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Siumwi, mzee. Natafuta mkono wangu. Wewe je?"

"Mimi sikumalizwa."

"Pole. Mimi nilimaliza kabla sijaanza," nasema, na nashangaa jinsi lilivyotoka kirahisi.

Mzee anatikisa kichwa. "Hiyo ni mbaya. Dawa yake ipo, ila wengi wanaitema."

"Sogea," nanasi linaliambia embe kwenye sinia. "Huo unaambukiza."

Siwezi kukaa. Nasimama, nakaa, nasimama tena. Ni saa tatu na dakika thelathini na tano. Namba inayoitwa ni tatu, na yangu ni mia nne na mbili. Kuna mlango umeandikwa DAKTARI, na chini yake vinaonekana vivuli vya vidole vitano vikipita. Brashi inaniambia nirudi kwenye foleni. Sirudi. Nausukuma mlango.

Nyuma yake hakuna daktari. Kuna ngazi za ukumbi wa maonyesho, na juu ya ngazi fremu tupu imesimama kulinda.

"Mwaliko," fremu inasema.

"Mimi ni msanii. Picha yangu imo ndani."

"Msanii ameshaingia. Ana vidole vitano, mstaarabu sana, amenisalimia."

"Huo ni mkono wangu."

"Na wewe ni nani kwake?"

Nafikiri. "Mimi ndiye mwenyewe," nasema.

Fremu inafungua daftari na kupekua. "Tumsifu Mshana. Ndiyo, upo. Ila umeandikwa kwenye orodha ya vitu vya kutundikwa."

Nataka kubisha, lakini wanaobeba wameshafika. Ni rula mbili ndefu na bisibisi. Wananipima kutoka unyayoni hadi utosini, wanatafuta katikati yangu, wanaiweka usawa wa macho ya mtazamaji kama tulivyofundishwa, na kunining'iniza kwenye ukuta kwa mabega ya gauni. Hainiumi. Inanikera tu, kwa sababu upande wa kushoto wameniweka chini kidogo na hakuna anayerekebisha.

Ukumbi umejaa. Kuta zote zimetundikwa watu, na katikati picha zinatembea na glasi za juisi ya ukwaju. Zinamsogelea mtu mmoja mmoja, zinarudi hatua mbili, zinainamisha kichwa.

"Huyu ana hisia," inasema picha ya mitumbwi.

"Mimi simwelewi," inasema picha ya nyani. "Huyu hata mwanangu angemzaa."

Ukutani kando yangu ametundikwa Mwalimu Kokushubira. Amevaa lile koti lake lenye madoa na anatazama mbele, kama watu wa kwenye picha wanavyotazama. Kadi yake inasema: Kokushubira. Miaka ishirini na sita darasani. Haiuzwi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usijitikise, utapinda."

"Mwalimu, mkono wangu umetoroka."

"Uko pale," anasema, bila kugeuza shingo.

Kweli upo. Umesimama juu ya meza ya biskuti, umezungukwa na picha kubwakubwa za fremu za dhahabu, unahojiwa. Wanauliza msukumo ulitoka wapi. "Sikufikiri," mkono unasema. "Ulinijia tu." Picha zinaguna kwa heshima. Naona wivu, wivu wa kijinga kabisa wa kuuonea mkono wangu mwenyewe, kisha naona aibu, kwa sababu maneno yale ni yangu. Niliyasema mimi, mbele ya darasa zima, na watu wakanipigia makofi.

Saa nne kasoro dakika kumi.

Ndipo inakuja Mvua ya Asubuhi. Inatembea polepole, katikati ya wageni, na mabaka yake ya kijivu na ule mstari wa njano niliouweka chini kana kwamba umeniponyoka. Niliukokotoa kwa rula, mstari ule. Inasimama mbele yangu. Hairudi hatua mbili.

"Shikamoo," inasema.

Sikutegemea kama nimeilea vizuri kiasi hicho. "Marahaba."

"Kadi yako inasema ulifanyika papo kwa papo."

"Ndivyo walivyoandika."

"Na yangu inasema hivyohivyo. Sina ugomvi." Inasogea karibu. "Ila watu wakinyamaza nasikia mikwaruzo ya penseli ndani yangu. Naomba kuuliza tu. Kuna walionitangulia?"

Namtazama Mwalimu. Anatazama mbele. Masikio yake mawili yamechorwa vizuri sana.

"Kwa nini unataka kujua?" nanong'ona.

"Tangu nifike hapa naulizwa nimetoka wapi, nasema sijui. Wenzangu wote wana wakubwa zao. Ile ya mitumbwi ina kaka tisa. Mimi naambiwa nilitoka hewani, na wananisifu kwa hilo, na mimi nasimama hapo sijui niweke wapi mikono."

"Wewe huna mikono."

"Ndiyo nasema."

Naona jasho linatiririka kwenye ukuta, ni langu. Nikisema, Mwalimu atasikia, na saa nne kadi itang'olewa, na wenzangu watanikumbuka kwa hilo mpaka mwaka wa tatu uishe. Nisiposema, hii itabaki imesimama hivi, na ile nyingine nitakayoichora leo mbele ya wageni nayo itasimama hivi. Maana hiyo nayo nimeshaikariri.

Mkono umeniona. Unashuka mezani, unapita chini ya miguu ya wageni, unapanda ukuta kwa kucha na kukaa begani kwangu. Umechoka, nausikia unahema.

"Mwambie," unasema. "Mimi nilikuwepo."

"Wewe si ndiye unayewaambia haikufikiriwa?"

"Nilifundishwa na nani?"

Saa nne kasoro dakika moja.

"Kumi na moja," nasema.

Picha zote zinageuka. Picha ya nyani inabaki na glasi mdomoni.

"Kumi na moja," nasema tena, sasa kwa sauti, maana kunong'ona kumeshapoteza faida. "Ziko kwenye sanduku chini ya kitanda. Mwanzoni nilijaribu kweli bila penseli. Nilikaa mbele ya karatasi dakika kumi na tano na haikuja hata nukta. Niliogopa. Niliona nikienda darasani vile, Mwalimu atajua kwamba ndani yangu hamna kitu. Basi nikachukua penseli. Ya kwanza ilikuwa mbaya, ya pili mbaya zaidi. Ya tano niliililia. Wewe ni wa kumi na mbili."

Naona Mvua ya Asubuhi inahesabu.

"Wana majina?" inauliza.

"Hawana."

"Ya tano, uliyoililia, ilikuwaje?"

"Ilikuwa na mstari kama wako. Ila ule uliniponyoka kweli."

Inatikisa kichwa taratibu, na rangi yake, kijivu kile kizito, inakuwa nyepesi kidogo, au ni mimi natazama kwa machozi. Mkono unashuka kutoka begani, unatafuta mahali pake, unajifunga. Nachezesha vidole, vyote vinaitika.

Shingo ya Mwalimu Kokushubira inalia kama bawaba. Anageuka, ukutani palepale, mpaka tunatazamana uso kwa uso. Kope zake zina vumbi la chaki.

"Tumsifu," anaanza.

Saa ya ukumbini inagonga nne. Mdomo wake unacheza, naona meno, naona ulimi ukipanda kusema neno la kwanza, na simsikii kwa sababu ya kengele. Inagonga, inagonga, na ni simu yangu, na nimeamka.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Jua limeshaingia dirishani. Asteria, tunayekaa naye chumba kimoja, ni Msabato, alikuwa anavaa gauni la ibada na kuimba kwa mdomo uliofungwa. Niliunyanyua mkono wa kulia nikautazama pande zote mbili. Ulikuwa mkono tu. Nilicheka peke yangu, Asteria akauliza kuna nini, nikasema nimeota upuuzi.

Nilioga, nikanywa chai, ikapita. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilihisi nafuu. Nilijiambia kwamba nilishasema yote huko ndotoni, basi imetosha, na huku nje hakuna haja. Nikaketi kitandani kupitia kichwani picha ya leo, ile niliyoikariri: kwanza kahawia kona ya juu, kisha brashi pana kushuka, kisha kusita sekunde mbili kana kwamba sijui nifanye nini.

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Kokushubira.

"Tumsifu, kumi na moja? Mimi nilidhani sita. Zibebe zote, nawahi ukumbini na misumari. Ya tano tutaiweka katikati."

Nilipandisha juu kuangalia nilimwandikia nini. Ujumbe wangu wa mwisho kwake ulikuwa wa Jumanne, nikiuliza kadi iwe na upana gani. Chini yake hapakuwa na kitu ila huu wake wa leo.

Niliusoma tena nimesimama. Kisha nikamuuliza Asteria kama ana mfuko mkubwa wa kuniazima.