Nguzo Iliyohusika

Jumamosi saa nne asubuhi Bernadeta alikuwa akipiga pasi suruali za mitumba za kupeleka sokoni Kirumba, akasikia hodi. Akaitikia karibu bila kuinua kichwa. Nguzo ya netiboli ikainama mlangoni ili pete yake isigonge juu, ikaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Ilikuwa nguzo ya juzijuzi tu, iliyosimikwa mwaka tisini na tano, lakini adabu ilikuwa nayo. Ilikuwa imetembea kutoka shuleni Buswelu kuja kumpa pole Queen, binti wa Bernadeta, ambaye ilimwangukia Jumanne mazoezini ikamvunja mguu. Kutoka shule ile hakuwa amekuja mtu mwingine. Bernadeta akaionyesha kona ya kusimama, maana kukaa isingeweza.

Daktari alikuwa amesema mguu usipofanyiwa upasuaji ndani ya wiki mbili utaunga ukiwa umepinda. Bernadeta alikwenda kwa mwalimu mkuu, Mutayoba, kuomba shule ilipie upasuaji, naye akamtolea fomu. Shule za kulipia zilikuwa jambo jipya mjini, na Bernadeta aliisaini fomu ile kwa furaha tele muhula ulipoanza: *Uongozi hautahusika na ajali yoyote michezoni.* Akauliza, basi nani anahusika? Mwalimu Mutayoba akaisoma tena mpaka chini, akamwambia kwa upole kwamba hilo halikuandikwa.

Nguzo ikasimulia ya kwake. Mchwa walianza kuila mwezi wa tatu. Mwalimu wa michezo aliambiwa mara mbili, na mara zote mbili alileta ndoo ya chokaa.

"Jumatatu twende kwenye kamati," Bernadeta akasema. "Ukaseme hivyohivyo."

Wakaenda. Wajumbe wa kamati ya shule wakasogeza viti kuipisha. Nguzo ikaeleza mchwa, ikaeleza chokaa, ikaonyesha na sehemu iliyooza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile Bernadeta akashusha pumzi. Katibu alikuwa na swali moja tu.

"Aliyemwangukia mtoto ni nani?"

"Ni mimi," ikajibu nguzo, maana uongo haikufundishwa.

Katibu akaandika: *Mhusika amepatikana.* Kamati ikaishukuru kwa uungwana wake, ikaifukuza shule, ikafunga kikao kwa sala. Bernadeta alikuwa ameleta shahidi, akarudi nyumbani na mkosaji. Njia nzima alitaka kuigombeza nguzo, akashindwa.

Mguu wa Queen uliunga ukiwa umepinda. Nguzo ikabaki uani kwa Bernadeta, ikashika kamba ya nguo, na Queen huiegemea akichoka kuchechemea. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma, nguzo huuliza habari za mwenzake aliyebaki upande wa pili wa kiwanja, aliyeanza kuliwa na mchwa siku moja nayo.

"Amepakwa chokaa," Bernadeta huijibu, na kuendelea kuanika.