Shati la Oktober

Asubuhi ile Sapiya alikuwa kijitoni chini ya Mlima wa Meza, akipiga nguo za mabaharia jiweni, maiti wa kwanza alipokuja kuchukua shati lake. Maji yalimtoka masikioni. Alitaja namba yake, nane, iliyoshonwa ukosini kwa uzi mwekundu, akapewa, akashukuru, akaenda zake mlimani.

Dhoruba ilikuwa imevunja ghubani meli tisa za Kampuni, wafanyabiashara walioitawala rasi ile, lakini haikufuta zamu ya dobi. Hata wauza samaki walijua kwamba majira ya baridi si ya kutia nanga pale. Ufukweni, askari walisimamisha mti wa kunyongea kabla ya kuwatupia wanaozama hata kamba moja. Amri ilisomwa kwa ngoma: atakayegusa mali ya Kampuni iliyoletwa na maji atanyongwa.

Oktober, mume wa Sapiya, mtumwa kama yeye, alikuwa ametumwa melini jana yake na mapipa ya maji. Shati lake lilikuwamo kapuni, limefichwa kati ya mashati ya mabaharia, maana mtumwa hakuruhusiwa sabuni.

Maiti wakazidi.

"Foleni, jamani!" Rosina, dobi mwenzake, alifoka. "Kufa si ruhusa ya kusukumana!"

Sapiya hakucheka. Waliokuja ni waliozama. Asiyekuja yu hai. Alilichomoa shati la Oktober, akalikalia.

"Ukilikalia ndiyo hatakuja?" Rosina aliuliza.

"Niache, shoga. Niache tu."

Adhuhuri kapu lilikuwa tupu na njia nyeupe. Sapiya akaanza kupumua.

Ndipo Oktober akapanda kutoka pwani. Alikuwa mkavu, nywele kavu, vumbi miguuni. Sapiya aliinuka akicheka.

"Umepona!"

"Nilifika ufukweni mzima," Oktober alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nimekumbatia pipa."

Shingo yake ilikuwa imepinda, ina alama ya kamba.

"Pipa lao, mke wangu. Nipe shati. Nililovaa wamelichukua."

Akampa. Bado lilikuwa na joto la kukaliwa. Akamfunga vifungo mwenyewe, kwa kuwa Oktober hakuweza kuinamisha kichwa, akamtazama hadi alipopotea mlimani.

Mti wa kunyongea haukung'olewa. Jumamosi zililetwa nguo za askari wa ufukweni, na Sapiya akazifua.