Jina Aliloacha Kianjokoma

Ulimi uliponza kichwa, na ulimi wa Cicily haukuwa na breki. Jirani yao alipozikwa baada ya kufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, yeye, mwenyekiti wa akina mama kanisani pale Muthara, ndiye aliyesema ugonjwa huo huwapata wanawake wa kutangatanga. Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Basi alipoanza kutokwa na damu kila akilala na mumewe, mwanamume pekee aliyewahi kumjua, angemwambia nani?

Akadanganya kwamba anaenda kumwona shangazi, akasafiri hadi Kianjokoma, Embu kote huko, ambako hakuna hata mbwa anayemjua. Muuguzi wa hospitali ya huko alimweleza kwa upole kwamba virusi vya ugonjwa huu vimeenea, mwanamke anaweza kuvipata kwa mume mmoja tu na vikakaa naye miaka bila dalili. Akampima, akamwambia arudi baada ya wiki tatu. Kisha akauliza jina na nambari ya simu. Aibu ikampanda Cicily. Simu yake hupokewa na mumewe bila kuuliza. Akataja jina na nambari ya Nkirote, mke wa shemeji yake Kaburu, maana ndiyo nyingine pekee aliyoijua kwa kichwa. Majibu angeyafuata mwenyewe, alijiambia.

Hakuyafuata. Wiki ya tano Nkirote akaingia jikoni kwake, macho yamevimba.

"Mama Kananu, nisaidie. Sista fulani wa hospitali amenipigia kutoka Kianjokoma. Ati nimepatikana na seli zilizoanza kubadilika, niende haraka nitibiwe kabla hazijawa saratani. Mimi huko sijawahi kukanyaga! Simu ilikuwa kwa spika, Kaburu akasikia. Anauliza Embu nilimfuata nani. Anataka nirudi kwetu leo. Wewe anakuheshimu, ongea naye."

Ndivyo Cicily alivyojua habari za mwili wake, kwa kinywa cha mwenzake anayelia. Na unadhani alisema nini?

"Tuombe."

Eti tuombe! Akafumba macho, akamwombea Nkirote nguvu na uvumilivu, naye Nkirote, maskini, akawa anaitikia amina kila akipumua. Amina ya tatu ilimshinda Cicily.

"Ni mimi," akasema, macho bado ameyafumba. "Niliandikisha jina lako. Niliona haya."

Nkirote hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aliinuka, akaepua chai iliyokuwa ikifurika mekoni.

"Hospitali nitakupeleka mwenyewe kesho," akasema. "Lakini kwanza twende umwambie Kaburu. Na useme kwa sauti. Watoto wangu walikuwa hapo aliponiita malaya."

Wakaenda. Uani kwa Kaburu, mbele ya watoto, Cicily alianza kwa kunong'ona, na Nkirote akamwambia arudie.