Mfalme Aliyenyooshwa

Mimi sina subira, na wateja wangu wote wa saluni wanalijua hilo. Mtu akitingisha kichwa wakati namsuka, namgonga na kitana. Lakini nikikaa na sarafu zangu, hata nzi atanitembelea usoni nisimfukuze.

Sarafu zenyewe ni za fedha, za Ulaya ya Zama za Kati, nyembamba kama kucha na nyeusi kwa uzee. Wenye uwezo hununua zile nzima, zenye mfalme kamili na maandishi yote pembeni. Mimi nanunua vilema. Ninayo iliyotobolewa ikavaliwa shingoni. Ninayo iliyokatwa katikati, kwa sababu siku hizo chenji ilikuwa shida na nusu sarafu ndiyo ilikuwa nusu kweli. Ninayo pia iliyokwanguliwa na wezi wa fedha. Mafundi wa zamani waliurefusha msalaba wa upande wa nyuma mpaka ukingoni, kusudi ukikwangua ukingo, msalaba ukuumbue, na bado watu walikwangua. Binadamu ni walewale, jamani. Saluni wananiita Mama Sarafu kwa kejeli, nami naitika.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa imepinda katikati, na haikupinda kwa ajali. Zamani hizo, mtoto akiugua, mama yake alichukua sarafu ya fedha, akaishika juu ya kichwa cha mgonjwa, akaweka nadhiri kwamba mtoto akipona ataipeleka mahali patakatifu. Halafu aliipinda palepale, asije akashawishika kuitumia sokoni. Yangu ina miaka kama mia saba. Sijui mtoto yule alipona au la, wala sijui kwa nini sarafu haikufika ilikoahidiwa. Nimemuwaza sana yule mama, hasa nikiwa nasubiri dawa ikolee kichwani mwa mteja.

Sasa, mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gari likigongwa likawa kopo, yeye analirudisha, na anapitisha kiganja mlangoni anakuonyesha pamebonyea mahali ambapo wewe huoni kitu. Watu wanamwita Nyoosha. Hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha salama, iwe kijiko, hanga au miwani ya jirani. Sarafu zangu aliziita vyuma chakavu, na kila nikianza kumweleza habari zake alisinzia.

Mwaka huu macho yake yakaanza kuleta shida. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na jicho la kulia lifanyiwe upasuaji mapema. Nyoosha akakataa katakata. Eti fundi wa kweli anaona kwa kiganja. Ukweli ni kwamba aliogopa kisu, lakini mtu mwenye mikono kama ile atatamkaje neno hilo? Binti yetu alimbembeleza mpaka akachoka. Mimi kubembeleza sijui, kwa hiyo nilikwenda gereji nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anapofuka huku anajiona. Hapo tukanuniana. Mezani tukawa tunaombana chumvi kupitia kwa binti.

Ijumaa moja mchana nikarudi nyumbani kuchukua taulo za saluni. Nikamkuta Nyoosha amekaa sebuleni, ameoga, amevaa shati la kutokea. Mezani ametandika kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa iko sarafu yangu.

Imenyooka.

"Nimekunyooshea," akasema, anatabasamu kama bwana harusi. "Niliiweka kati ya vipande viwili vya ngozi, nikaigonga polepole. Najua nilikukera. Basi, yaishe, mama watoto."

Miaka mia saba, vita vimepita, tauni imepita, wafalme wamekuja na kuondoka, mkunjo wa yule mama umekaa palepale, halafu anatokea mume wangu na nyundo. Nilikuwa na maneno tayari, na yalikuwa mabaya. Nikaichukua nimwonyeshe alichokiharibu, na hapo ndipo nikaona pua ya mfalme. Imebonyea. Alama ya nyundo imekaa katikati ya uso, wazi, hata mtoto wa chekechea angeiona.

Mume wangu haachi alama. Kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kukabidhi gari lenye alama ya nyundo.

"Hebu itazame tena," nikamwambia. "Unaionaje?"

Akaenda nayo dirishani, akaisogeza karibu, akaigeuza, akaisogeza karibu zaidi. "Safi," akasema. "Kama imetoka kiwandani."

Hasira yote ikaniishia miguuni. Nikakaa kwenye kochi, nikaangua kilio. Yeye, maskini, akadhani nimefurahi. Akaanza kunipigapiga mgongoni akisema si kitu, kazi ndogo tu ile, angejua ningefurahi hivyo angeinyoosha zamani.

Nilipopata pumzi, nikamweleza maana ya mkunjo. Safari hii hakusinzia. Kuhusu pua nilinyamaza. Yule bwana anajivunia mikono yake kuliko sura yake, na nilitaka aende hospitali kifua mbele, asiende kama fundi aliyeharibikiwa.

"Kwa hiyo nimetengua nadhiri ya mtu?" akauliza. Uso ulimshuka.

"Ya mama wa watu, aliyeuguliwa na mtoto."

"Nitaipinda tena. Sasa hivi. Lete."

"Haipindwi hivi hivi," nikasema, na hapa nakiri nilitunga sheria zangu mwenyewe. "Lazima pawepo mgonjwa. Na mgonjwa awe mtoto."

"Mtoto mgonjwa tutamtoa wapi, na wetu amekuwa mtu mzima?"

"Tunaye," nikamwambia. "Umembeba mwenyewe jichoni, na humpeleki hospitali."

Nikaona shavu linamcheza, anapigana na kicheko, mwisho kikamshinda. Tukacheka wote wawili mpaka binti akatoka jikoni kuuliza nani kafa. Kicheko kilipokwisha, Nyoosha akaitazama mikono yake.

"Naogopa," akasema.

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Nikamwambia na mimi naogopa, tena kumzidi, kwa hiyo twende tukaogope pamoja.

Wiki iliyofuata alilazwa. Kabla hawajamchukua, nikaitoa sarafu kwenye mkoba, nikaishika juu ya kichwa chake. Binti yetu akajifanya anasoma matangazo ukutani. Fedha iliyozeeka namna ile ukiipinda mara ya pili inaweza kukatika vipande viwili, na sikuwa na nyingine kama hiyo, wala sitapata. Nikaweka nadhiri yangu kimoyomoyo, nikaikandamiza kwa vidole gumba. Ikatoa mlio mdogo. Ufa ukatokea ukingoni, ukasimama hapo.

"Imekubali?" akauliza, macho ameyafumba.

"Imekubali. Nenda."

Kesho yake daktari akamfungua bandeji. Nyoosha akapepesa, akatazama dari, akatazama kucha zake, akamwambia binti yetu kwamba kumbe amenenepa. Kisha akaomba sarafu. Nikampa, maana niliweka nadhiri kwamba akiona nitamkabidhi iwe yake, na pale pale nilijua ataona nini.

Akaishika mbali kidogo, mkono umenyooka. Akaigeuza, akaigeuza tena, hata daktari akaanza kutuangalia kwa zamu.

"Huyu mfalme pua yake imebonyea," akasema.

"Ndiyo."

"Hii ni nyundo yangu."

"Ni yako."

Akashusha mkono. "Na wewe uliiona siku ile ile. Ndiyo maana ulilia. Mimi nimewatangazia watu gereji nzima kwamba mke wangu alimlilia mama wa miaka mia saba iliyopita."

Niliogopa nimemvunja. Akafuta shavu kwa mgongo wa mkono, daktari akamkataza asiguse jicho, naye akasema haligusi, linavuja lenyewe. Kisha akamgeukia daktari akamuuliza jicho la pili watalifanya lini.

"Safari hii sina sarafu nyingine ya kupinda," nikamwambia.

"Ya nini?" akasema. "Huyu mtoto wa pili namleta mwenyewe."