Kidole Hakijasoma

Mama Mapacha alikuwa ameshaloweka mashuka ya watu pale askari wawili walipoingia uani. Mabeseni mawili makubwa yalikuwa mbele yake, povu limempanda hadi viwikoni, na mdomo wake ulikuwa kazini ukimsema mpangaji wa chumba cha kona aliyemaliza maji ya pipa bila hata kuomba. Hakuwaona. Aliyewaona kwanza ni Dada Laini, aliyesimama mlangoni kwake na mswaki mdomoni.

Askari mmoja alivaa sare, mwenzake alivaa kiraia. Yule wa kiraia alitoa simu akasoma jina, jina refu la kwenye kitambulisho, ambalo pale uani hakuna aliyelijua. Wapangaji wakatazamana. Mama Mapacha mwenyewe alichelewa kuitika, maana tangu azae wale wasichana wake hakuna aliyemwita hivyo.

"Ni mimi, baba. Kuna nini?"

"Laini yako ya simu imetapeli watu. Vaa viatu twende."

Kisa kilikuwa hiki. Mzee mmoja mstaafu alikuwa anasubiri fundi wake amtumie namba ya kulipia mabati. Ukaingia ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja. Ujumbe wenyewe kila mtu pale uani alishaupata na kuucheka, ila hakuna aliyekuwa na fundi anayesubiri hela siku hiyohiyo. Mzee akatuma. Jina likaja kweli, jina refu la Mama Mapacha, na kiinua mgongo kikaenda na maji.

"Mimi?" Mama Mapacha alicheka, kwa sababu aliona ni kichekesho. "Mimi nina laini moja, na hata hiyo ni ya kubipu. Mwanangu!" Akamgeukia Dada Laini. "Si wewe ndiye uliyenisajilia? Hebu waeleze hawa. Waambie nina laini moja tu."

Macho yote yakaenda mlangoni kwa Dada Laini. Povu la dawa ya meno lilikuwa limemjaa kinywani. Angeweza kulitema akasema. Alilimeza.

"Nitafuatilia, mama," alisema.

Nitafuatilia! Neno la watu wa maofisini wanapotaka uondoke mbele yao. Mama Mapacha alilipokea kama ahadi. Alijifuta povu, akavaa kandambili, akaomba mtu awaangalie watoto wakirudi shule, kisha akapandishwa gari mbele ya mtaa mzima.

Mashuka yakabaki majini. Yalikuwa ya nyumba ya wageni ya barabarani, na mwenye nyumba hiyo hakuwa na simile. Ukichelewesha mashuka siku moja, kazi anapewa mwingine. Dada Laini alizunguka chumbani mwake, akashika mkoba, akauweka. Mwishowe akatoka, akakunja sketi, akainama kwenye beseni. Wapangaji wakamsifu kwa jinsi alivyo na utu. Kila sifa ilimchoma kuliko sabuni, na ile sabuni ilikuwa kali kwelikweli, ya unga wa kupima, ile inayokula ngozi.

Alifikicha huku anaikumbuka siku ile.

Kazi yake ilikuwa kusajili laini za simu chini ya mwavuli wa kampuni, kwenye kona ya soko. Mshahara hakuna. Unalipwa kwa laini, na usipofikisha idadi ya mwezi wanakukata nusu. Msimamizi wake waliyembandika jina Tageti, maana haikuwahi kupita sentensi asilitaje neno hilo, alimfundisha njia ya kuifikisha hiyo idadi. Mteja akiweka kidole mwambie hakijasoma. Akirudia, kile cha pili ni laini nyingine, kwa jina lake, bila yeye kujua. Ile ya pili anaichukua Tageti, anawapelekea wateja wake anaowaita wakubwa. "Mtu asiyejua haumwi," alipenda kusema Tageti, na kumpa Dada Laini kitu kidogo cha vocha.

Mama Mapacha alikuja pale mwavulini mwisho wa mwezi, idadi ikiwa bado haijatimia. Hata jirani? Ndiyo, hata jirani, tena jirani aliyekuwa akimkopesha mkaa bila kumdai. Alibonyeza kidole gumba, mashine ikasoma papo hapo, bila wasiwasi. Dada Laini akasema, "Mama, hakijasoma."

"Jamani, nisamehe mwanangu. Vidole vyenyewe hivi, vimeshaliwa na sabuni." Mama Mapacha akakifuta kidole kwenye gauni lake, akakibonyeza tena kwa nguvu mpaka ukucha ukawa mweupe. "Radhi sana. Nakupotezea muda na wateja wamejaa."

"Usijali, mama," Dada Laini alimjibu. Na kweli siku ile hakusikia chochote moyoni. Alimtazama mteja aliyefuata. Hilo ndilo lililomtia aibu sasa, kuliko hata kosa lenyewe: kwamba ilikuwa rahisi vile.

Alianika mashuka, akachukua mkoba na mashine yake, akaenda mwavulini. Tageti alikuwa ameshafika, ameegemea pikipiki yake.

"Saa hizi? Na tageti je?"

"Wamemkamata jirani yangu. Ni moja ya zile laini zako."

"Laini zangu?" Tageti alitazama huku na huku, akateremsha sauti. "Dada, tuelewane. Zilisajiliwa kwa mashine ya nani? Nani aliingia na namba yake ya siri? Mimi hata sipo kwenye mfumo."

"Basi nitasema nilikupa wewe."

"Sema. Nitasema sikujui, na kampuni itasema haitujui sote wawili. Wao wanahesabu laini, hawahesabu watu. Wewe ukiingia ndani kesho, keshokutwa pana msichana mwingine chini ya huu mwavuli. Kaa, fanya kazi, haya mambo hupoa yenyewe."

"Yanapoa kwa nani, yule mama akiwa ndani?"

"Acha kujifanya malaika. Vocha si ulikuwa unachukua?"

Ni kweli alikuwa anachukua. Akaja mteja, mwanamke mwenye haraka, akaweka kidole. Kikasoma. Dada Laini akamkabidhi laini yake moja, akamwambia aende salama. Tageti akasonya.

"Kidole kilikuwa kizuri kile."

Dada Laini akafunga mwavuli, jua likiwa bado utosini, akamwachia Tageti aushike.

Kituoni alielekezwa chumba cha yule askari wa kiraia. Kulikuwa na meza, majalada yaliyofungwa kwa kamba, na feni iliyoning'inia bila kuzunguka. Alikuwa amejipangia maneno njiani, yakamtoka ovyoovyo.

"Afande, yule mama hana kosa. Ile laini niliisajili mimi. Nilimwambia arudie kidole, akarudia. Hajui kitu."

Afande aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Ukamuuzia nani?"

"Nampa msimamizi wangu."

"Na juu ya msimamizi wako yuko nani?"

"Kampuni."

"Aa." Afande akaweka kalamu chini. "Sasa unataka nikaikamate kampuni? Kwa pingu hizi?" Akacheka kidogo. Hakuwa na sura ya mtu mbaya, alikuwa na sura ya mtu aliyekosa usingizi. "Sikiliza, binti. Jalada lina jina. Jina lina mtu, mtu yuko ndani. Wakubwa zangu wanataka mtu, wamempata. Wewe ukiingia hapa na habari za mifumo, unanirudisha mwanzo."

"Lakini ni uongo, afande."

"Ni jalada." Akautazama mkoba wake. "Mashine unayo humo?"

"Ninayo."

"Basi tusisumbuane. Nitengenezee laini moja, isiwe na jina langu. Kuna watu hunitumia vitu vidogo vidogo, sipendi jina litokee. Ukinifanyia hivyo, mama yako namwandikia dhamana sasa hivi akaendelee kufua. Akihitajika ataitwa."

Dada Laini alidhani hakusikia vizuri. Alikuja kuungama dhambi, mwenye kuungamiwa anaagiza ya kwake! Alitaka kucheka, akaona machozi ndiyo yanayokaribia. Akaingiza mkono mkobani. Ndani kulikuwa na laini moja ya tayari, ya jana, ya muuza mitumba aliyerudia kidole huku anamtania. Angeitoa, angempa, yangekwisha. Aliishika kwa vidole viwili, akamwona muuza mitumba naye akisomewa jina lake refu mbele ya wateja.

Aliiacha. Akatoa laini mpya, akawasha mashine, akaweka kidole gumba chake mwenyewe.

Mashine ikakataa. Kidole kilikuwa kimenyauka kwa ile sabuni, ngozi imekunjamana.

"Vipi?" afande akauliza bila kuinua kichwa, alikuwa anaandika dhamana.

"Hakijasoma," alisema Dada Laini, na safari hii alikuwa anasema kweli. Akakifuta kwenye sketi, akakibonyeza tena, kwa nguvu, mpaka ukucha ukawa mweupe. Kikasoma.

Afande alipokea laini, akaigeuzageuza. "Jina la nani?"

"La mtu asiyeweza kulalamika."

"Wewe kazi unaijua," alisema afande.

Mama Mapacha alitolewa akiwa na kandambili mkononi, moja ikiwa imekatika mkanda. Alipomwona Dada Laini alimkumbatia pale pale barazani, akamlilia begani.

"Nilijua utafuatilia. Niliwaambia mle ndani, yule binti akisema, amesema. Mungu akupe, mwanangu, akuzidishie."

Walitembea. Mama Mapacha aliongea njia nzima, kama watu waongeavyo wakitoka kwenye hofu. Wenzake wa mle ndani walimnyima nafasi ya kukaa. Aliwaza mashuka tu. Aliwaza watoto watakula nini.

"Nimewaza sana na hili la laini," alisema. "Kosa ni langu. Ni vidole vyangu hivi. Mashine haikuvielewa, ikavichanganya na vya mwizi. Unakumbuka ulivyohangaika siku ile? Kazi hii ya kufua itaniua mimi."

Dada Laini aliendelea kutembea. Angenyamaza, angebaki binti mwenye utu uani pale mpaka kufa.

"Mama, mashine ilisoma."

"Eh?"

"Ilisoma mara ya kwanza. Vidole vyako havina tatizo. Nilikwambia hakijasoma ili nipate laini ya pili, nikaiuza. Ni mimi, mama. Si mwingine, ni mimi."

Mama Mapacha alisimama. Alikitazama kidole gumba chake, mbele na nyuma, kama kitu alichorudishiwa baada ya kuazimwa. Dada Laini alisubiri tusi au kofi. Aliomba liwe kofi.

"Na mimi nikakuomba radhi," alisema Mama Mapacha.

Akatangulia, miguu mitupu, na Dada Laini akamfuata kwa mbali, kwa kuwa njia ya nyumbani ni ile ile moja.

Uani mapacha walimkimbilia mama yao, akawashika vichwa, akawapita. Mpangaji wa chumba cha kona akawahi kumpa habari njema: mashuka usiyahofie, Dada Laini kayafua yote, si unayaona, yameshakauka. Mama Mapacha aliyatazama pale kwenye kamba, meupe, yamenyooka. Akavuta beseni katikati ya ua, akachota maji, akamimina sabuni. Kisha akayatoa mashuka kwenye kamba, moja baada ya jingine, akayatumbukiza majini, akainama, akaanza kufua upya.