Kola Ngapi?

Walimwita Umeme kwa wepesi wa mikono yake, na tangu karakana ya mashati iache kulipa mshahara wa mwezi na kuanza kulipa kwa idadi ya kola alizoshona mtu, hakuna aliyemfikia. Kila mshonaji alifunga mafungu yake kwa uzi wa rangi yake ili msimamizi ajue lipi la nani. Uzi wa Umeme ulikuwa mwekundu. Atakayeongoza mwisho wa mwezi angepewa cherehani mpya, iwe mali yake. Iliwekwa juu ya kabati la ofisi, pale pa kumtoa kila mtu udenda.

Zamani karakana nzima ilikuwa na mikasi miwili, ikipita mkono kwa mkono. Sasa kila mmoja alikuwa na wake, kaufunga kiunoni kwa kamba, na akienda msalani anakwenda nao. Usiwacheke. Walipe watu kwa kola uone kama hata salamu haitapanda bei.

Umeme naye akaanza kuipima dunia kwa kola. Sufuria mpya ilikuwa kola arobaini. Kikombe kilichovunjika kilikuwa kola sita, na aliyekivunja alikiona cha mtema kuni.

Siku moja mkasi wa wifi yake, aliyekaa meza ya jirani, ulikatika skrubu.

"Wifi, niazime wako kidogo nimalizie fungu hili."

"Halafu mimi nikatie meno?"

Watu walicheka. Wifi hakucheka. Alikata nyuzi kwa wembe mpaka akajikata kidole, damu ikachafua kola mbili, na msimamizi akazikataa.

Jioni wifi alipita nyumbani kumwona kaka yake, kidole kimefungwa kitambaa. Hakutaja ya mchana. Umeme, kwa kukosa pa kuficha uso, akamwita binti yake.

"Mletee shangazi maji ya kunywa."

Mtoto hata hakuinua macho kutoka kwenye mchezo wake. "Kola ngapi?"

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa amelelewa barabara. Aibu ilimpanda Umeme mpaka masikioni. Aliinuka, akaleta maji mwenyewe. Wifi alikunywa, akashukuru, akaondoka, na Umeme alikasirika usiku kucha, kwanza na nafsi yake, kisha na ile cherehani juu ya kabati.

Siku ya mwisho wa mwezi, lori la mteja lilikuwa limeegeshwa nje tangu asubuhi, likisubiri mashati ambayo bado hayajapachikwa kola. Umeme alikuwa anaongoza, na hakuna aliyebisha. Msimamizi alipotoka ofisini kuhesabu, Umeme alikata nyuzi zake nyekundu zote, akazimwaga kola zake katikati ya meza ndefu.

"Wifi, lete zako."

Wifi akakata nyuzi zake za kijani. Mwanamke wa meza ya nyuma akapiga kelele, "Jamani, leo Umeme umekatika!" naye akaja na zake. Wakafuata wote, hata wale waliokuwa wagumu wa kuazimana sindano.

"Za nani hizi?" msimamizi akafoka.

"Za karakana. Hesabu zote, malipo ugawe sawa."

"Na cherehani nimpe nani?"

"Iache pale pale ishike vumbi."

"Nitawafukuza wote!"

"Tufukuze," alisema Umeme. "Ila kola hazijipachiki kwenye mashati. Koti hilo livue, ukae hapa, uzipachike wewe."

Nje, dereva wa lori alipiga honi. Msimamizi alipekua lile lundo akitafuta hata uzi mmoja wa rangi, asiuone. Akavuta kiti, akaanza kuhesabu.

Umeme alifungua kamba kiunoni, akauweka mkasi wake katikati ya meza. Wifi aliunyakua bila kuomba, akaendelea na kazi.