Zamu ya Mwisho ya Bikira Maria

Mama Adrian wa Nangara alikuwa amekomaa kiroho. Hakuna aliyembishia, kwa sababu habari hiyo aliitangaza mwenyewe, na yeye ndiye katibu wa jumuiya. Jina lake la ubatizo ni Xaveria: mjane, miaka hamsini na nane, rozari moja shingoni, ya pili mkobani, na ya tatu imening'inia kwenye kabati la vyombo ili vikombe navyo visipotee njia.

Alikuwa na daftari. Kila jioni alijipa maksi. Sala, kumi. Uvumilivu, tisa, maana hata watakatifu huacha nafasi kidogo. Kusamehe, kumi.

Sasa hapo kwenye kusamehe ndipo pana maneno. Jirani yake, ng'ambo ya ua wa minyaa, ni Coletha, Mama Praygod. Miaka mitatu iliyopita, kwenye msiba wa mume wa Xaveria, Coletha alionja makande akamnong'oneza mwenzake kwamba hayajaiva. Alinong'ona kwa sauti ya watu wa milimani, waliozoea kuitana kutoka bonde hadi bonde, kwa hiyo msiba mzima ulisikia. Baadaye alikwenda kuomba radhi mara mbili, mara ya pili na jogoo. Jogoo alipokelewa.

"Nimemsamehe kabisa," Xaveria aliwaambia waliouliza na wasiouliza. "Ila asinisalimie, asikatize uwanjani kwangu, na makande asiyataje."

Tena alimwombea kila alfajiri. "Bwana, mkuze Coletha. Bado mchanga mno. Mimi si unaniona?"

Mungu alikaa kimya. Xaveria akadhani ananukuu.

Ikaja Oktoba, mwezi wa rozari, ambapo sanamu ya Bikira Maria hutembezwa nyumba kwa nyumba. Inalala kwako siku moja, kesho yake jioni jumuiya inakuja, mnasali, kisha unaibeba kuipeleka kwa mwenzako huku watu wanaimba nyuma yako, na wimbo haukatwi mpaka sanamu ipokelewe. Katibu ndiye aliyepanga zamu na kuandika masharti. Sharti la kwanza: kila mmoja aibebe mwenyewe na kuiweka mikononi mwa anayepokea, asitume mtu. Hilo lilikuwa la wavivu. Sharti la pili: atakayekosa zamu yake ataenda mwisho wa orodha. Hilo la wavivu zaidi. Nyumba zilikuwa thelathini. Akamweka Coletha wa kwanza, yeye mwenyewe akajiweka wa thelathini, na katikati nyumba ishirini na nane za kupumulia.

"Orodha hii nimepangiwa na Roho Mtakatifu," aliwaambia.

Siku ya kwanza Coletha hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua huko Magugu, naye amekwenda kumkanda. Katekista Damiani, mzee mpole anayependa vitendawili kuliko mahubiri, akasoma masharti kwa sauti, kisha akavua miwani.

"Basi Mama Praygod anakwenda mwisho. Ataipokea kutoka kwako, Mama Adrian."

"Orodha si inaweza kurekebishwa, Katekista?"

"Aliyoipanga Roho Mtakatifu? Mimi naogopa, mama yangu." Akageukia watu. "Haya, nina fumbo la kuwaacha nalo mwezi mzima. Mwanangu ana miaka hamsini. Anaimba, anasoma, anafundisha wenzake, ila hajaota jino hata moja. Ni nani huyo?"

Xaveria alipata jibu papo hapo: Coletha. Akanyamaza tu kwa unyenyekevu, na jioni akajiongezea maksi.

Siku zikaisha, maana siku hazina adabu. Mchana wa mwisho alikwenda dukani kwa Mama Hanifa kununua mishumaa.

"Nasikia leo ndiyo mnapatana," akasema Mama Hanifa akifungua boksi.

"Hatujagombana sisi. Mimi nilishasamehe."

"Ehe! Miaka mitatu hapa dukani, mkikutana mmoja anageuka kuhesabu vibiriti. Mimi si wa dini yenu, lakini shingo inaniuma kwa niaba yenu."

Jioni jumuiya ikajaa uwanjani. Baada ya rozari, Xaveria akashika goti. "Katekista, hili goti limekataa leo. Labda Jenifa anibebee."

"Sharti la kwanza," akasema Katekista. "Tutatembea polepole."

Safari yenyewe ilikuwa hatua thelathini. Xaveria alizitembea kwa dakika kumi. Jenifa, mwimbishaji, akaanzisha wimbo wenye beti nne. Walipofika getini zilikuwa zimeimbwa mara tatu. Coletha alikuwa amesimama pale na kanga mpya mikononi, ameitandaza kama anayepokea mtoto mchanga. Macho yalikuwa mekundu.

Xaveria akanyoosha sanamu. Coletha akaishika. Xaveria hakuiachia.

"Achia, Mama Adrian," Coletha akasema taratibu.

"Si naachia."

"Hujaachia, mama."

Wakavutana, Mama wa Mungu akiwa katikati, kidogo tu, kistaarabu. Jenifa sauti ikaanza kukauka. Watu wakaingia ubeti wa kwanza kwa mara ya tano wakimtazama katibu wao.

Naye alikuwa anahangaika kweli. Alijaribu kuviamuru vidole kwa uvumilivu wake wa tisa, vikakataa. Akajaribu kwa kusamehe kwake kwa kumi, vikakaza zaidi. Ndipo akaelewa, jasho likimtiririka, kwamba ndani ya lile daftari hakuna kitu. Miaka mitatu alikuwa amebeba sufuria la msiba kifuani, na sasa kila mtu angeliona. Akifika hapa akageuka nalo, atazeeka nalo na kufa nalo.

Akasali sala ambayo hajawahi kuisali, haina hata mapambo: *Bwana, nimeshindwa. Fanya wewe.*

Radi haikupiga. Mlima Kwaraa ulibaki palepale ulipokuwa asubuhi. Ila vidole vikalegea, kimoja kimoja, kama vya mtoto aliyepitiwa na usingizi, na mdomo ukasema neno ambalo hakulipanga:

"Mama Praygod, yale makande yalikuwa mabichi."

Wimbo ukakatika wenyewe.

"Nilikuwa jikoni nalia. Kuni zikazimika, sikuona. Ulisema kweli, nami nikakuchukia kwa sababu nilijua ni kweli."

Coletha akaikumbatia sanamu, machozi yakadondokea kanga. "Dada yangu, na mimi ilinipasa nije kuchochea moto. Badala yake nikakaa kuonja."

Wakaingia ndani. Coletha alikuwa amepika, kwa haraka, maana alirudi kutoka Magugu jana yake. Alipika nini? Makande. Sahani ya kwanza akapewa Xaveria. Akatia kijiko mdomoni, akatafuna. Maharage yalilia kama kokoto. Nyumba nzima ikashika vijiko hewani.

"Yameiva?" Coletha akauliza, uso umemshuka.

Mambo mengi yalimjia Xaveria kichwani, tena matamu. Akamweleza Mungu upesi kwamba ni yeye tena. Akameza.

"Yameiva kama yangu."

Walicheka mpaka Jenifa akarudiwa na sauti. Katekista Damiani akaegemeza kiti. "Na lile fumbo langu, nani kalipata?"

"Ni mimi huyo," akasema Xaveria akiokota punje iliyomruka. "Na jino lenyewe limeanza kuota leo, linauma."

Asubuhi akafungua daftari. Kusamehe, akaandika: moja, ya kupewa. Ng'ambo ya minyaa sauti ya milimani ikapasua hewa, "Mama Adriaaan! Umeamkaje?" na jogoo akaruka juu ya banda. Xaveria akafumba macho, akaomba kidogo, ndipo akaitika.